Ukitaka Masta ya Jioni, Hesabu Saa Zako Kwanza

Najua wengi mnanisikia mkiwa njiani. Yupo aliyebanana kwenye daladala ya Mbagala Rangi Tatu, yupo aliyekaa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo akielekea Tegeta na Bunju, na yupo aliyewahi kufika nyumbani, redio iko dirishani, yeye anachambua mchicha. Wote karibuni. Uliyesimama, shika bomba vizuri, tuanze.

Mada ya leo inawahusu watu wa kazi. Nasema na wewe karani wa benki pale Temeke, wewe afisa mauzo wa kiwanda cha Chang'ombe, wewe mtumishi wa manispaa ya Kinondoni, wewe wa klaringi kule Kurasini. Digrii ya kwanza unayo, miaka kadhaa kazini unayo, na moyoni umeshaamua: sasa naanza masta ya biashara, yaani MBA. Kazi huachi, maana mwenye nyumba anataka kodi yake na watoto wanakula kila siku. Unataka usome huku unafanya kazi.

Uamuzi huo ni mzuri, na sikuja hapa kukukatisha tamaa. Ila wanaojiandaa kusoma huniuliza swali hilohilo kila mara: "Mwalimu, chuo gani kizuri?" Huwa nawajibu: hilo liweke mwisho. Kabla ya chuo yapo maswali matatu. Nitayataja, nitayarudia, mpaka unashuka kituoni uwe umeyashika. La kwanza, kazi yako inakudai nini? La pili, una saa ngapi kwa wiki? La tatu, hela itatoka wapi, na itatoka kwa muda gani? Kazi, saa, hela. Ukishayajibu hayo kwa ukweli, orodha ya vyuo itapungua yenyewe mpaka vibaki viwili au kimoja.

Haya, tuanze na kazi.

Muulize mtu kwa nini anataka masta. Mmoja atakwambia, "Pale ofisini wenzangu wote wanayo." Mwingine atasema, "Nikiipata nitapanda cheo." Wa tatu, "Naona matangazo ya kazi yanaitaka." Majibu yote yanaeleweka, ila hayana uzito sawa.

Tumchukue mtumishi wa umma. Wewe, ndugu yangu, kupanda kwako kumeandikwa kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako. Humo ndimo inamosemwa elimu gani inahesabika na uzoefu gani unatakiwa. Sasa ukisoma shahada isiyohusiana na kada yako, ukarudi na cheti chako kizuri, unaweza kuambiwa hongera, na mshahara ukabaki palepale. Kubadilishwa kada ni safari nyingine yenye barua zake na kusubiri kwake. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu ya chuo, nenda kwa afisa utumishi wako. Muulize mambo mawili: je, shahada hii inaingia kwenye muundo wangu? Na je, mwajiri ananiruhusu kusoma, jina langu liingie kwenye mpango wa mafunzo? Ruhusa hiyo iombe kwa barua. Ruhusa ya mdomo kwenye korido huondoka na bosi aliyeitoa siku anapohamishwa.

Tumchukue mhasibu. Mhasibu mwenzangu wa Mbagala, unataka nini hasa? Kama ndoto yako ni kuwa mkaguzi wa hesabu, usaini taarifa za hesabu za makampuni, MBA haikupi kalamu hiyo. Kalamu hiyo iko NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kwa njia ya CPA. Mitihani yao hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na unaweza kuichukua hatua kwa hatua ukiwa kazini. Mtu wa ununuzi na ugavi naye ana bodi yake, PSPTB. Wapo wengi waliokimbilia masta, wakaimaliza, kisha wakarudi kuanza mitihani ya bodi kwa sababu mwajiri alikuwa anataka bodi tangu mwanzo. Masta haikuwa mbaya, ila foleni waliipanga kinyume.

Sasa MBA yenyewe ni ya nani? MBA ni shahada ya mtu anayetoka kwenye ufundi wa kazi moja na kuanza kusimamia kazi za wengine. Wewe ni mhandisi, leo umepewa timu ya watu na bajeti. Wewe ni mfamasia, mwenye duka amekwambia usimamie matawi yake yote. Wewe uliingia kwenye mauzo, sasa unaitwa kwenye vikao ambako fedha, masoko, sheria na wafanyakazi vinajadiliwa mezani kwa pamoja. Hapo MBA inakufaa, kwa sababu inakugusisha kila idara. Lakini kama wewe ni mtu wa fedha na unataka kuzama kwenye fedha, ziko shahada za uzamili za fedha na uhasibu, kwa mfano pale IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mtaa wa Shaaban Robert. Mtu wa ununuzi na ugavi, Chuo Kikuu Mzumbe wana shahada ya eneo lako. Usisome kila kitu kidogokidogo wakati kazi yako inakudai kitu kimoja kwa undani.

Najua yupo anayesema, "Mwalimu, hizo hela za ada si bora nifungue duka?" Swali la haki kabisa. Kama unachokosa ni mtaji, masta haitakupa mtaji, itaula. Mwenye biashara ndogo anayetaka kujua kutunza hesabu na kupanga bei anaweza kuanza na mafunzo mafupi, SIDO wanayo, na vyuo vya biashara vinayo. Masta ni ya mtu ambaye kazi yake imeshamfikisha mahali ambapo anachokijua hakimtoshi tena. Kama hujafika hapo, huna haja ya kukimbia.

Nirudie kwa anayepanda gari sasa hivi. Swali la kwanza ni kazi: kazi yako inakudai nini? Cheti cha bodi, shahada ya fani moja, au MBA ya kukufundisha kusimamia wengine? Lijibu hilo kwanza.

Twende la pili: saa.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na hakuna anayewaonya. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka kiwango: shahada ya uzamili iwe na angalau krediti 180. Na krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo ni pamoja na kipindi darasani, kusoma mwenyewe, asainmenti, diskasheni na wenzako, mitihani na utafiti. Zidisha: 180 mara 10 ni saa 1,800. Hiyo ndiyo bei halisi ya masta, hata kabla ya shilingi.

Sasa zigawe. Ukitaka kumaliza kwa mwaka mmoja na nusu, unadaiwa kama saa 23 kila wiki. Ukijipa miaka miwili, ni kama saa 17 kwa wiki. Ukijipa miaka mitatu, zinashuka mpaka 11 au 12. Hizo ni wiki zote, pamoja na wiki ya Idi, wiki ya Krismasi na wiki ambayo mtoto anaumwa.

Je, wewe una saa 17? Usijibu haraka. Chukua mfano wa dada anayekaa Chamazi na kufanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha Kurasini. Sheria ya ajira inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, ila yeye meli ikishusha hana cha saa 45. Anaamka saa 10 alfajiri. Anapanda bajaji mpaka barabara kubwa, anapanda daladala ya Kilwa Road, anafika kazini. Jioni saa 11 wenzake wanaelekea nyumbani, yeye anaelekea darasani Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Kurasini anaifuata Mandela: Uhasibu, Tazara, Buguruni, Ubungo, kisha Sam Nujoma. Foleni ya Tazara mnaijua wenyewe. Anaingia darasani kipindi kimeshaanza, mkono mmoja una daftari, mwingine una mkate wa mayai uliopoa. Kipindi kikiisha usiku, anaanza safari ya kurudi: Ubungo, Mandela, Kilwa Road, Rangi Tatu, bajaji ya Chamazi, ambayo usiku nauli yake imeshapanda. Anafika nyumbani watoto wamelala. Kitabu atakifungua saa ngapi?

Dada huyu anaweza kuwa na akili kuliko darasa zima. Kinachomwangusha ni barabara. Safari zake za darasani zinakula saa ambazo hakuna krediti inayolipwa kwazo. Muhula wa kwanza anavumilia, wa pili anabeba sapu, wa tatu anaanza kusema atarudi mwakani.

Ndiyo maana nasema, tazama ramani ya Dar es Salaam kabla ya kutazama jina la chuo. Unakaa Tegeta, Boko au Bunju, na kazi yako iko Mwenge au Mikocheni? Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko njiani kwako, na MBA yao ya jioni iliwekwa kwa ajili ya watu wa kazi. Unakaa Kimara au Mbezi, unafanya kazi Posta? Mwendokasi iliyoanza mwaka 2016 inakupeleka mpaka Kivukoni, kwa hiyo IFM, au Mzumbe tawi la Dar es Salaam pale Upanga, ni vyuo vinavyofikika. Kazi yako iko mjini na unarudi Mbagala? Soma mjini, ukae darasani wakati foleni inapungua, kisha ushuke na Kilwa Road moja kwa moja. Kanuni yenyewe ni nyepesi: darasa liwe karibu na kazi, au liwe kwenye njia ya kurudi nyumbani. Likiwa upande wa pili wa jiji, fikiri mara tatu.

Na kama ratiba yako haitabiriki, leo usiku, kesho asubuhi, keshokutwa uko Tunduma na mzigo? Kiko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, makao yake yako hapo Kinondoni, Barabara ya Kawawa. Kilianzishwa kwa ajili ya mtu wa namna yako. Unasoma kwa masafa, na kina vituo mikoani, kwa hiyo ukipata uhamisho wa ghafla kwenda Kigoma, masomo hayafi. Uzuri wake ni huo. Ugumu wake ni kwamba hakuna kengele. Hakuna mwalimu atakayekusubiri Jumanne saa 11 jioni. Kama wewe ni mtu wa kusukumwa, masafa yatakushinda hata ukiwa na muda. Kama wewe ni mtu wa kujiamsha mwenyewe, yatakuokoa. Jijue.

Kuna msikilizaji najua ananijibu hapo alipo: "Lakini wahenga wamesema, mshika mbili moja humponyoka." Wamesema kweli, na mtu asiyehesabu saa zake humponyoka zote mbili. Lakini nchi hii ina historia yake juu ya kazi na masomo. Mwaka 1974, Azimio la Musoma lilitaka kijana akimaliza kidato cha sita aende JKT, kisha afanye kazi, ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu, tena akiwa na mapendekezo ya kazini kwake. Masharti yale baadaye yalilegezwa, na yalikuwa na shida zake, hasa kwa wasichana ambao wengi wangeolewa kabla ya kurudi shule. Lakini wazo lilibaki: mtu aliyeshika kazi anasoma tofauti. Anaposikia somo la mtiririko wa fedha, anamkumbuka mteja aliyechelewesha malipo miezi mitatu.

Nje nako waliona hivyohivyo. MBA ya kwanza duniani ilianzia Harvard, Marekani, mwaka 1908, ikiwa ni masomo ya kutwa. Mwaka 1943, Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha MBA ya mameneja waliokuwa bado kazini, wasome bila kuacha ofisi zao. Kwa hiyo msomi wa jioni asijione msomi nusu. Unaleta darasani kitu ambacho kijana aliyetoka digrii ya kwanza moja kwa moja hana, yaani kazi yenyewe. Mradi tu saa ziwepo.

Narudia: kwanza kazi, pili saa. Saa 1,800, ndugu yangu. Zigawe kwa miaka unayoitaka, uone kila wiki inakudai ngapi.

Sasa la tatu, hela. Hapa nisikilize vizuri, wewe uliye na hati yako ya mshahara kwenye begi.

Watu hupiga hesabu kwa mshahara waliotajiwa siku ya kuajiriwa. Tupige hesabu kwa mshahara unaofika. Tuseme mtu yuko sekta binafsi, mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,200,000, na digrii ya kwanza alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. NSSF wanachukua asilimia 10, inaondoka 120,000. Kodi ya mshahara inakuja kama 152,000. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15, hiyo ni 180,000. Inabaki kama 748,000. Hapo hajalipa nyumba, nauli, ada za watoto, wala mchango wa harusi ya binamu. Huyu ndiye anayetaka kulipa ada ya masta, ambayo ni mamilioni. Je, haiwezekani? Inawezekana, lakini kwa mpango.

Mpango wa kwanza ni mwajiri. Muulize kama kampuni ina fungu la mafunzo. Wengine hulipa nusu, wengine hulipa ukishafaulu, wengine hulipa kwa masharti kwamba ukimaliza utabaki nao miaka fulani. Mkataba huo usome mstari kwa mstari. Je, ukiacha kazi kabla ya muda, utarudisha zote au sehemu? Je, ukipunguzwa kazi, nani anabeba deni? Usisaini kwa furaha.

Mpango wa pili ni kulipa kwa awamu. Uliza chuo kabla ya kuanza: ada inagawanyika mara ngapi, na asiyemaliza awamu anaruhusiwa kuingia mtihani? Mtu anaweza kusoma muhula mzima, siku ya mtihani akakwama mlangoni kwa sababu ya salio.

Mpango wa tatu ni kukopa. Saccos ya kazini au kikoba chenye riba unayoielewa, sawa. Mtumishi wa umma, kumbuka utaratibu wa moja ya tatu: makato yako yote yakiweka mshahara chini ya theluthi moja, huwezi kuongezewa mkopo mwingine wa kukatwa kwenye mshahara. Na hapa nasema kwa sauti ya juu: usisomee masta kwa mkopo wa kausha damu. Shahada huchukua miaka kuleta faida. Kausha damu inataka hela yake Ijumaa. Hivyo viwili havikai nyumba moja.

Na ada peke yake haijamaliza gharama. Kuna nauli za jioni, bando la intaneti, chakula cha kula nje, kuprinti na kubaindi tasnifu, safari za kukusanya data, na kubwa kuliko zote, malipo ya muda wa ziada kwa asiyemaliza kwa wakati. Hilo la kutomaliza kwa wakati linanipeleka kwenye jambo ambalo nataka nilikalie kidogo.

Ndugu msikilizaji, waulize waliotutangulia. Masomo ya darasani wengi huyamaliza. Yana ratiba, yana mtihani, yana wenzako wanaokupigia simu, "Leo huji?" Wanapokwama ni kwenye tasnifu. Darasa limekwisha, kundi la WhatsApp limenyamaza, kila mtu na lwake. Msimamizi amekurudishia pendekezo la utafiti na alama nyekundu, wewe ukaliweka kwenye droo, ukasema wikiendi. Wikiendi kuna msiba. Wikiendi ijayo kuna kitchen party. Mwaka umepita, na ukiulizwa elimu yako unasema, "Masta, bado tasnifu tu." Hiyo "tu" ina miaka.

Nini kifanyike? Chagua mada ya utafiti mapema, na uichague mezani kwako. Yule dada wa Kurasini asiende kutafiti utalii wa Serengeti. Kila siku mikononi mwake zinapita nyaraka za makontena. Anajua mzigo upi ulitoka haraka, upi ulikaa bandari kavu mpaka gharama za utunzaji zikamliza mteja. Je, ucheleweshaji unaanzia wapi: kwa mteja anayechelewa kulipa kodi, kwenye nyaraka zenye makosa, au kwenye usafiri? Hapo kuna tasnifu nzima, na data yake iko kwenye kabati la nyuma ya kiti chake. Anachohitaji ni ruhusa ya maandishi ya mwajiri na uangalifu wa kutotaja siri za wateja. Na akimaliza, kampuni yenyewe itayahitaji matokeo yake. Karani wa benki Temeke, kwako kuna mikopo isiyorudi. Wewe wa manispaa, kwako kuna ushuru wa masoko. Mada iko ofisini.

Na hapa niseme neno ambalo baadhi hawatalipenda. Wapo watu wanaoandikia wengine tasnifu kwa malipo. Unapeleka mada na hela, unapewa kitabu kimebaindiwa. Ndugu yangu, mbali na kwamba vyuo vina programu za kukagua maandishi yaliyonakiliwa, na mbali na kwamba utasimama mbele ya watahini kutetea kitu usichokijua, fikiri hivi: ulikuja kusomea kusimamia watu na fedha zao. Shahada ya kununua inakupeleka kwenye kiti ambacho huwezi kukikalia, na waliokuweka hapo watagundua siku ya kikao cha kwanza kigumu. Kama huna saa za kuandika tasnifu, basi huna saa za kusoma masta kwa sasa. Subiri, si dhambi.

Kabla sijamaliza, kuna watu wa nyumbani. Ukianza masomo, Jumamosi yako si yako tena, na Jumamosi ya Dar es Salaam ina wenyewe: harusi, sendoff, vikao vya kamati, vikoba. Kaa na mwenzi wako muongee kabla ya fomu. Nani atawachukua watoto? Nani atapika siku za darasa? Akina baba, hapa nawatazama ninyi. Mke akisoma jioni, mume asikae sebuleni akiuliza chakula kiko wapi. Waambie na majirani na wana kamati mapema: kwa miaka miwili mchango wangu nitautuma, mimi mwenyewe mtaniona mara chache. Msibani nenda. Huko hakuna udhuru wa mtihani utakaoeleweka mtaani.

Sasa ndipo tunafika kwenye chuo. Orodha yako imeshapungua. Kwa kila kilichobaki, hakikisha mambo haya. Chuo na hiyo programu yenyewe vina ithibati ya TCU? Usione haya kuuliza, hasa kwa vyuo vya nje vinavyojitangaza kwenye simu yako na kukuahidi masta ya haraka. Shahada ya nje utatakiwa uipeleke TCU itambuliwe, na ukikuta haitambuliki, hela imeshakwenda. Digrii yako ya kwanza ina ufaulu unaotakiwa? Kama ulipata daraja la chini, uliza njia ya stashahada ya uzamili, wengi wamepitia hapo. Kisha nenda chuoni mwenyewe, jioni, siku ya kazi, kwa daladala ileile utakayoitumia. Subiri darasa litoke. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili: walimu wanakuja? Ratiba inabadilika bila taarifa? Msimamizi wa tasnifu anajibu baada ya wiki au baada ya miezi? Na mliokuwa mmeanza pamoja, wangapi wamebaki? Majibu ya hapo getini yatakusaidia kuliko kipeperushi chenye picha ya joho.

Basi turudie mara ya mwisho. Kazi: inakudai nini? Saa: je, unazo 17 kila wiki kwa miaka miwili, au 12 kwa miaka mitatu? Hela: itatoka wapi bila kuiua nyumba yako?

Nina ombi moja. Usijaze fomu wiki hii. Chukua daftari, na kwa wiki moja nzima andika kila siku saa ulizopata ambazo hazikuwa za kazi, za barabarani wala za usingizi, na ambazo akili yako ilikuwa bado inafanya kazi. Jumapili usiku zijumlishe. Zikifika 17, jaza fomu na usiogope. Zikifika 12, chagua njia ndefu ya miaka mitatu na usione aibu. Zikiwa 6, usilipe ada ya mtu. Punguza kwanza kitu kimoja maishani mwako, kisha njoo mwakani.